Mshipi Uliozunguka Bure

Kila siku akitoka shule, kabla ya kula na hata kabla ya kuvua viatu, Chapuchapu alijaza uzi kwenye bobini za mama yake, vile vigurudumu vidogo vinavyokaa chini ya sindano ya cherehani. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na sanduku la mbao la vipande vya vitambaa vilivyobaki. Chapuchapu alipitisha ncha ya uzi kwenye tundu dogo la bobini, akaizungusha mara mbili kwa kidole, akakanyaga pedali, na kabla hujamaliza kupiga chafya bobini ilikuwa imejaa.

"Taratibu, mwanangu," mama alizoea kumwambia. "Hizo bobini hazina miguu ya kukukimbia."

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini mtaani hakuna aliyelijua. Aliitwa Chapuchapu tangu siku aliyozaliwa, na aliyempa jina hilo ni Bibi Mkunga. Siku ile mama yake alipofikishwa zahanati, hakuwahi kufika kitandani. Mtoto alizaliwa ukumbini, mbele ya mlango wa chumba cha dawa, na Bibi Mkunga akamdaka kwa mikono miwili kama golikipa. "Huyu ana haraka na dunia," alisema huku akimfuta. Tangu hapo kila jambo la mtoto huyo lilikuwa la mbio: alitembea mapema, akasema mapema, akavunja vikombe mapema.

Bibi Mkunga alikuwa amestaafu sasa. Lakini nusu ya mtaa ilikuwa imepitia mikononi mwake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kujitia mkubwa mbele yake. Hata fundi baiskeli, mwanaume mwenye kitambi na ndevu, bibi alimwita Miguu Kwanza kwa sababu alizaliwa akitanguliza miguu. Alipomwita hivyo mbele ya wateja, fundi aliitika kwa adabu, "Naam, bibi," na wateja wakageuka pembeni kucheka.

Alhamisi moja alasiri Bibi Mkunga alibisha hodi akiwa na mfuko wa kitambaa. Chapuchapu alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akampokea mfuko na kumvutia kiti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo nimekuja kuazima vidole vyako."

Kutoka kwenye mfuko alitoa rili, kile kigurudumu chenye mkono wa kuzungusha ambacho hufungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja mshipi. Kisha akatoa kiboksi kipya. Ndani yake mlikuwa na mshipi wa kusukwa, mita mia moja na hamsini, mwembamba kama uzi wa kushonea lakini wenye nguvu ya kuinua ndoo iliyojaa. Wauguzi wa zahanati walikuwa wamechanga wakamnunulia zawadi.

Kuvua samaki ndiyo ilikuwa starehe ya Bibi Mkunga. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye bwawa la maji na kurudi na chochote alichopata, na mara nyingi nusu yake iliishia kwenye masufuria ya majirani. Lakini siku hizi vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa viungo, akamsisitizia avipe kazi vidole hivyo visije vikakakamaa. Kuvua aliweza bado. Kukunja mshipi mrefu namna ile ndiko kulikomshinda.

"Sasa nisikilize," alisema, akamwonyesha Chapuchapu kikombe cha rili, yaani pale mshipi unapojikunja. Kilikuwa cha chuma laini kinachong'aa. "Chukua kwanza mshipi huu wangu wa zamani wa nailoni. Uzungushe hapa mara ishirini, uukaze. Halafu ndipo uunganishe huu mpya kwenye ncha yake. Halafu ukunje polepole, ukiubana mshipi kwa kitambaa kibichi, ulale vizuri. Usianze na mpya moja kwa moja, kwa sababu..."

Nje filimbi ililia. "Chapuchapu! Tunaanza bila wewe!" Wenzake walikuwa wanakwenda kucheza mpira wa pete, na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji.

"Nimeelewa, bibi," alisema haraka. "Nitakuletea kabla ya jua kuzama."

Bibi alipotoka, Chapuchapu aliitazama nailoni ya zamani. Ilikuwa ngumu na imejipindapinda. Aliitazama rili. Si bobini kubwa tu hii? Bobini za mama haziwekewi kitu chochote chini, na uzi wake haujawahi kuteleza hata siku moja. Mtoto wa fundi cherehani afundishwe kukunja uzi! Alifunga mshipi mpya juu ya chuma kitupu, akazungusha mkono wa rili mpaka bega likamuuma, na muda si mrefu kazi ikawa imekwisha. Kitambaa kibichi hakukigusa. Ile nailoni aliisukumia chini kabisa ya sanduku la vitambaa, kisha akatoka mbio.

Jioni alipopeleka rili, Bibi Mkunga aliipapasa kwa kidole gumba.

"Umeanza na nailoni?"

Lilikuwa swali dogo. Chapuchapu angeweza kusema hapana, akarudia kazi kesho yake. Lakini jibu lilimtoka kama yeye mwenyewe alivyotoka siku ile ya zahanati, kabla mtu hajajiandaa.

"Ndiyo, bibi."

"Na kitambaa kibichi?"

"Ndiyo."

"Ahsante, mjukuu wangu. Mungu akubarikie vidole vyako." Akamshika mkono akaubusu. Chapuchapu alirudi nyumbani akijifuta mkono ule kwenye sketi, asijue kwa nini.

Jumamosi alimsindikiza bibi bwawani, yeye akibeba ndoo na kopo la minyoo ya chambo. Miguu Kwanza alikuwa amekwisha kufika, baiskeli yake ameiegemeza kwenye ukuta wa mawe wa bwawa. Bibi Mkunga alitia chambo kwenye ndoana, akakaza breki ya rili, ile inayozuia kikombe kisizunguke ovyo, kwa kuzungusha kifundo chake cha mbele, akarusha. Mshipi mpya ulikwenda mbali kuliko alivyowahi kurusha, na bibi akacheka kama msichana.

Hawakukaa sana. Fimbo iliinama ghafla, ncha yake ikakaribia kugusa maji.

"Kambare huyo, bibi!" Miguu Kwanza alipiga kelele. "Tena baba yao! Vuta!"

Bibi Mkunga alisimama, akaikita miguu yake imara, akazungusha mkono wa rili. Alizungusha, akazungusha, na mshipi haukurudi hata shubiri moja. Alikaza breki, akazungusha tena. Ilikuwa kama mtu anayekoroga sufuria tupu. Kwa kawaida samaki akivuta kwa nguvu, breki ya rili hulia krrr. Safari hii haikutoa sauti yoyote.

Chapuchapu alikuwa karibu, na aliona. Kikombe cha chuma kilikuwa kimetulia tuli. Mshipi wote uliokunjwa juu yake, kama ulivyo, ndio uliokuwa ukiteleza na kuzunguka bure juu ya chuma kitupu. Hapo alielewa neno ambalo bibi hakuwahi kulimaliza. Uzi wa pamba hushika bobini. Mshipi wa kusukwa una utelezi, hauwezi kushika chuma laini. Ile mizunguko ishirini ya nailoni ndiyo ingeushikilia.

Kambare aliingia kwenye mawe, akajinasua, akaenda zake. Fimbo ilinyooka.

Bibi Mkunga aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuulaumu mshipi, wala rili, wala mtu. Aliinua mikono yake, akaitazama upande huu na upande ule.

"Niliikaza breki kwa nguvu zangu zote," alisema taratibu. "Mimi nadhani nimekaza, kumbe vidole havikazi kitu. Basi. Mikono imekwisha."

"Usiseme hivyo, bibi," Miguu Kwanza alisema.

"Nisiseme nini? Hata wewe umeona. Jumamosi ijayo pitia nyumbani uichukue fimbo hii. Chombo kikae kwa mwenye mikono ya kukitumia."

Chapuchapu aliinama kuokota kopo la minyoo. Alijiambia atasema njiani. Njiani akajiambia atasema mlangoni. Mlangoni bibi akamshukuru kwa kubeba ndoo, na shukrani ile ikamfunga mdomo kabisa.

Jumapili nzima chakula hakikumshuka. Mama alimgusa paji la uso kutazama kama ana homa, akakuta hana. Jumatatu alijaza bobini polepole mno, hata mama akaacha kushona akamtazama.

"Leo nani amekufunga mawe miguuni?"

Kabla hajajibu, hodi ilibishwa. Alikuwa Bibi Mkunga, amebeba magauni matatu mkononi. Aliyaweka juu ya meza ya kukatia na kuyanyoosha. Yote yalikuwa ya vifungo kuanzia shingoni hadi kiunoni, vifungo vidogo vya kizamani vyenye rangi ya maziwa.

"Mama Chapuchapu, nataka unitolee vifungo hivi vyote. Uniwekee lastiki, nivae kwa kupitisha kichwani kama mtoto."

"Lakini bibi, unayapenda haya! Hili la zambarau ulivaa siku ya kustaafu."

"Napenda ndiyo. Lakini vidole hivi havina kazi tena, hata fimbo yangu ya kuvulia nampa Miguu Kwanza. Kwa nini nihangaike navyo kila asubuhi? Mtu ukikubali ukweli, unapumzika."

Mama alihema. Alichukua mkasi mdogo, akashika kifungo cha kwanza cha gauni la zambarau, akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi.

"Mama, usikate!"

Wote wawili waligeuka. Chapuchapu alikuwa amesimama, bobini imeanguka na inabingirika sakafuni ikiacha uzi mrefu nyuma yake. Alipiga magoti mbele ya sanduku la vitambaa, akafukua kwa mikono miwili, vipande vikaruka huku na huko, mpaka akafika chini. Alitoa ile nailoni ya zamani na kuiweka juu ya magauni.

"Si vidole vyako, bibi," alisema, na machozi yakaanza. "Ni mimi. Sikuanza na nailoni. Nilikunja juu ya chuma kitupu, nikakudanganya. Breki uliikaza. Uliikaza kabisa! Mshipi ndio uliokuwa unateleza, niliuona kwa macho yangu, na nikanyamaza."

Mama aliweka mkasi chini, na uso wake ulikuwa wa kutisha kuliko mkasi.

"Umemwona bibi yako anatoa fimbo yake, anatoa nguo zake, na wewe umekaa hapo unajaza bobini? Mikono hii ndiyo iliyokudaka usianguke sakafuni, wewe mtoto!"

"Mwache kwanza," alisema Bibi Mkunga. "Chapuchapu, kimbia nyumbani kwangu ulete rili. Ufunguo uko hapa. Sasa hivi ndiyo nataka haraka yako."

Hakuwahi kukimbia hivyo hata kwenye mashindano. Aliporudi anatweta, bibi alishika kifundo cha breki akakizungusha mpaka mwisho. Mama akaushika mshipi akauvuta. Mshipi ukatoka taratibu, bila sauti, na kikombe hakikutikisika.

Bibi Mkunga alikishika kikombe akajaribu kukizungusha kwa mkono. Kilikataa. Akampa mama. Nacho kikamkatalia mama, aliyekuwa na mikono ya kukanda na kufua.

"Kumbe niliikaza," bibi alisema. "Hebu tazama. Niliikaza!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kujifuta macho kwa pindo la gauni la zambarau. "Alhamdulillahi, jamani, mikono yangu ingalipo."

Kazi ilianza upya palepale. Mshipi wote ulikunjuliwa na kukunjwa kwenye kigogo cha mbao kilichoishiwa uzi wa kushonea, Chapuchapu akizungusha na mama akihesabu. Kikombe kilipobaki kitupu na kinang'aa, Chapuchapu alifunga nailoni na kuizungusha mara ishirini, akizitaja kwa sauti. Ilipofika zamu ya kuunganisha nailoni na mshipi mpya, alinyoosha mkono.

"Hapana," alisema bibi. "Fundo hili nalifunga mimi."

Alichukua muda mrefu. Ncha ilimponyoka mara ya kwanza, ikamponyoka mara ya pili. Chapuchapu, ambaye maishani hakuwahi kungoja hata chai ipoe, alikaa na mikono yake mapajani akangoja. Mara ya tatu bibi alipitisha ncha, akaivuta kwa meno, akakaza.

"Nimefunga vitovu vya mtaa mzima," alisema, "na sijasikia hata kimoja kimefunguka. Haya, vuta."

Chapuchapu alivuta kwa nguvu zake zote. Fundo lilishika.

Kisha ikaja kazi yake. Mama alikishika kigogo, Chapuchapu akaubana mshipi kwa kitambaa kibichi, akazungusha mkono wa rili polepole, mzunguko kando ya mzunguko. Kitambaa kilipokauka alikilowesha tena. Nje filimbi ya mpira wa pete ililia, ikalia tena, na hakuinua hata kichwa. Saa nzima ilipita. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa na mistari myekundu, na mshipi ulikuwa umelala sawasawa. Bibi alikaza breki, mama akavuta kwa kuegemea nyuma. Rili ikalia krrr, kikombe na mshipi vikazunguka pamoja.

Chapuchapu alipiga magoti. "Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe pale ulipozuia mkasi." Bibi Mkunga alimwinua, akamkalisha karibu naye. "Sikiliza. Haraka yako mimi ni wa kwanza kuijua, na haraka ina dawa: mtu akikosea kwa haraka, anarudia. Lakini nilipokuuliza, ukaficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeyaona hayo kazini, si kwa kusimuliwa. Mgonjwa akinificha panapomuuma, nitamsaidiaje? Uongo wako ulikuwa mdogo, lakini uliuweka chini kabisa. Kila nilichokunja juu yake kikazunguka bure: samaki wangu, fimbo yangu, hata imani yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Ukweli ndio unaoanza chini, mjukuu wangu. Mengine yote yatashika."

"Na kwa muda wa mwezi mmoja," mama aliongeza, "kila asubuhi kabla ya shule utakwenda kwa bibi yako."

"Kumfunga vifungo?" aliuliza Chapuchapu.

"La. Kukaa na kumtazama akijifunga mwenyewe. Na usimharakishe."

Bibi akacheka. "Hiyo ni adhabu kweli!"

Jumamosi Miguu Kwanza alipitia kuchukua fimbo kama alivyoambiwa, akakuta nyumba imefungwa. Aliwakuta bwawani. Bibi Mkunga alikuwa amevaa gauni lake la zambarau, vifungo vyote vimefungwa, kasoro kimoja tu kilichoruka tundu. Fimbo ilikuwa imeinama, na rili ilikuwa ikilia mpaka ng'ambo ya maji.

"Usiniguse!" bibi alimfokea fundi alipokimbilia kumsaidia. "Nenda kashike ndoo!"

Alizungusha, akapumzika, akazungusha. Mshipi ulirudi shubiri kwa shubiri, ukajilaza mahali pake, mpaka kambare mwenye sharubu ndefu akatokea chini ya ukuta. Chapuchapu alimwinua kwa wavu.

"Ahsante, Chapuchapu," alisema Bibi Mkunga akihema.

"Mimi ndiye wa kushukuru, bibi." Alitaka kusema kwamba ni kwa ajili ya kusamehewa, na kwa ajili ya ile siku ya ukumbi wa zahanati ambayo hakuikumbuka. Maneno yalikuwa mengi, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuyatoa kwa haraka. Basi aliishika mikono ile miwili yenye vifundo vilivyovimba, yenye maji na ute wa kambare, akaibusu mmoja mmoja.

Safari hii hakujifuta.